Rika la Unga wa Yanga

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikaa miezi michache, mwalimu akamwambia baba kwamba mtoto huyu anaongea maneno mengi kuliko ubao unavyoweza kubeba. Kwa hiyo siku waliponiambia nimeteuliwa kwenda semina ya uongozi ya wakuu wa vyumba vya habari, nilicheka mpaka kilemba kikaangukia kwenye uji. Nilikwenda hivyo hivyo, na nilirudi na hasira ambayo mpaka leo ukiigusa inaamka. Nitasimulia ilivyokuwa. Pale nitakapotia chumvi utapaona mwenyewe, maana yangu huwa inatosha kukaushia samaki.

Redio yetu ni ndogo, iko hapa Morogoro mjini. Mnara wake mfupi kiasi kwamba kuku akirukia juu, Mlali yote wanakosa matangazo. Pale niliingia kufagia. Siku moja mtangazaji wa asubuhi hakutokea, fundi mitambo akaniona na fagio mkononi, akanisukuma mbele ya maiki. Nikasimulia habari za mbuzi wa jirani yangu aliyekula kitambulisho cha kura. Watu wakapiga simu mpaka simu ikapata homa. Tangu hapo fagio sikulishika tena. Wenye vyeti wakaondoka mmoja mmoja kwenda Dar, mimi nikabaki, na aliyebaki ndiye mkuu. Nilivyopanda cheo ni hivyo tu, usitafute njia nyingine.

Mwenye redio ni Mnyamwezi, yaani mtani wangu, kwa sababu sisi Waluguru na wao tunataniana tangu babu zao walipokuwa wanapita hapa na mizigo kichwani. Siku ya kwanza nilimtania kidogo tu, nikamuuliza kama ameshatua mzigo. Akaniambia ofisini utani tuuache nje. Haya, nikauacha nje, ukanyeshewa.

Na tulikuwa na mwandishi wetu wa matukio. Namwita kijana, ingawa ana mke na watoto wawili na kapanga nyumba Mafiga. Tukio, kwa lugha ya redio, maana yake ajali, moto, mafuriko, mtu kuzama mtoni. Wenzake wanaandika mikutano yenye soda na mabango, yeye anaandika vifo. Miaka tisa. Barabara zetu za malori unazijua. Alikuwa anafika kabla ya askari, na nikizidisha kidogo, mara nyingine alifika kabla ya ajali yenyewe.

Basi masika moja mvua ilinyesha milimani mfululizo, udongo ukateremka asubuhi ukafunika nyumba kwenye mteremko. Kijana akapanda kwa miguu na watu wa kule. Akakuta wanachimba kwa majembe, na yeye akachimba kwa mikono. Mimi nilikuwa zamu studio. Bosi, yule mwenye redio, akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akasema mpigie aingie hewani sasa hivi kabla redio za Dar hazijatuwahi. Nikapiga. Akapokea anahema, akaniambia, "Mama, subiri, kuna mtu hapa." Nikamwambia achana na kuchimba, ingia hewani. Bosi ndiye aliyetaka, lakini mdomo ulikuwa wangu.

Akaingia hewani. Akaongea vizuri, habari safi kuliko zote tulizowahi kutoa. Aliporudi jioni, tope mpaka kwenye nyusi, ofisi nzima tulisimama tukampigia makofi, tukampa hongera.

Hebu nisaidie. Sisi watu wa hapa mtu akijikwaa tunampa pole. Akipiga chafya, pole. Akibeba ndoo, pole. Akikaa juani akisubiri bodaboda, pole. Huyu katoka kufukua watu kwenye udongo, sisi tukampa hongera kama aliyepata mtoto. Ofisi ya watu wazima, wenye dini zetu, wenye mama zetu, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nikikumbuka natamani kujipiga na kile kiti cha studio.

Baada ya wiki kadhaa akaanza kunyamaza hewani. Anasoma habari, anafika katikati, kimya. Unamsikia anapumua tu. Mafiga nzima watu walikuwa wanapiga redio zao makofi wakidhani betri zimelegea. Mara ya kwanza tukasingizia mitambo. Mara ya pili tukasingizia umeme. Mara ya nne bosi akaniita, akasema kazi ya habari haina deko, na huyu ameshindwa. Barua ya kumwachisha kazi itakuwa tayari Jumatatu, baada ya semina. Mimi kama mkuu wake nitaandika jina langu chini na kusaini kuthibitisha kwamba ameshindwa kweli.

Ndipo nikaitamani ile semina. Nikasema huko kuna wataalamu, nitawauliza mtu wa namna hii anasaidiwaje, nirudi Jumatatu na jibu mfukoni. Mke wake alikuwa ameshaniuliza mara mbili, akiwa hataki kulia mbele yangu, kama kazi bado ipo.

Semina ilikuwa siku tatu, kwenye ukumbi mmoja upande wa Kilakala, mlima unauona dirishani. Wawezeshaji wametoka Dar na bango kitita, yale makaratasi makubwa ya kutundika, na kalamu zenye harufu ya kulewesha. Siku ya kwanza tulichora mti. Mizizi ni maadili, shina ni uongozi, matunda sijui nini. Mimi nilichora mfenesi, nikaambiwa mti wangu una matunda makubwa mno, hauendani na maono. Nikanyoosha mkono nikauliza, mwandishi wako akinyamaza hewani kwa sababu ya mambo aliyoyaona, kiongozi anafanya nini? Mwezeshaji akasema swali zuri sana, akaliandika kwenye karatasi, akalibandika ukutani mahali walipopaita maegesho. Yaani swali langu liliegeshwa. Lilikaa pale ukutani siku tatu kama lori lililokatika ekseli.

Siku ya pili wakatuletea tambi. Mbichi. Wakasema kila kundi lijenge mnara kwa tambi na gundi ya karatasi, mnara mrefu ndio wenye uongozi bora. Nilitazama huku na huku nikidhani ni utani. Watu wazima, wenye mvi, wanavunjavunja chakula mezani, na kwetu kuna mtu Jumatatu anakosa cha kuwapa watoto. Mnara wangu sikuujenga. Tambi zangu nikafunga kwenye khanga nikaenda nazo nyumbani, na zilikuwa tamu, sitaki kusema uongo.

Siku ya tatu kwenye ratiba waliandika "msaada wa rika". Walichotaka, nilikuja kuelewa baadaye, ni watu wa kazi moja wakae pamoja wapeane moyo. Wenye redio na wenye redio, wakuu na wakuu, waandishi na waandishi. Sasa yule binti wa mapokezi waliyempa kazi ya kupanga makundi ni wa hapa hapa kwetu. Rika analijua ni nini. Rika ni waliozaliwa pamoja. Akachukua fomu zetu, akatazama mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, akatupanga kwa umri, chumba kwa chumba, na chai akaitanguliza humo. Mwezeshaji alipokuja kugundua alitoka mbio kwenye korido ameshika kichwa. Lakini chai ilikuwa imeshamiminwa na maandazi yana moto. Nani atahama?

Chumba chetu tulikuwa wanne. Mimi. Sista mmoja anayesimamia redio ndogo ya misheni kule milimani, mkulima wa karoti vilevile, mikono kama ya fundi. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, mwandishi wa magazeti tangu habari zinatumwa kwa basi. Na bosi wangu, maana wenye redio nao walialikwa. Wote rika moja. Tulianza kuulizana, ikaonekana wote tulikula ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano wa miaka ile ya dhiki, na wote tulipanga foleni ya sukari tukiwa watoto. Hata bosi. Alisema yeye foleni alipangia jiwe, analiacha jiwe kwenye mstari anakwenda kucheza. Tukacheka wote, na nikaona kumbe ana meno ya nyuma.

Tuliachiwa karatasi ya masharti. Hakuna vyeo. Anayeshika kokoto ndiye anayesema, wengine wananyamaza. Na yanayosemwa humo hayatoki nje. Tukaapa, Sista kwa msalaba wake, yule mwenye kofia kwa Mungu wake, mimi kwa mama yangu. Bosi akainua mkono.

Sista alishika kokoto akasema yake. Mwenye kofia akasema yake. Siwezi kuyaandika, niliapa. Ila nitasema tu kwamba maandazi yalibaki.

Kokoto likaja kwangu. Nikasema la kwangu mwenyewe, hilo ni mali yangu, kiapo hakilizuii. Nikasimulia ile simu. Kwamba nilimwambia mtu aache kuchimba. Kwamba tulimpa hongera. Kwamba Jumatatu kuna barua na mimi ndiye wa kusaini. Kisha nikamgeukia bosi, na kwa kuwa vyeo vimefutwa na utani wangu ulikuwa umekaa nje muda mrefu, nikauingiza ndani.

"Mtani," nikamwambia, "babu zako walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani. Mwenzao akianguka njiani walikuwa wanamwandikia barua?"

Sista alishika mdomo. Bosi akachukua kokoto, akaligeuza, akalitazama kama anatafuta mlango wake. Akalirudisha mezani.

Nikadhani limemwingia. Tulipotoka nje akaniita kando penye maua, akarekebisha tai.

"Mama, si tuliapa yanayosemwa mle yanabaki mle?"

Nikasema ndiyo.

"Basi na hilo lako limebaki mle. Jumatatu saa mbili, uje na kalamu."

Unaiona hiyo? Kiapo kilichowekwa ili watu wapumue, yeye kakifanya kufuli. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira kiasi kwamba mlangoni niliingia kiubavu. Ukutani kwenye ukumbi swali langu nililiacha bado limeegeshwa, na cheti nilipewa, kina picha ya mti. Si mfenesi.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu. Pale mapokezi, sakafuni, nikakuta mkeka umetandikwa. Juu ya mkeka yuko Sista, kateremka mlimani na gari la karoti, na pembeni yake yule mwenye kofia na chupa ya kahawa. Wamevua viatu. Wamekaa kama watu walio msibani. Nikawaamkia, wakaitikia taratibu, sauti ya chini, ile ya msibani hasa. Nikauliza kulikoni. Mwenye kofia akaniambia wamekuja kukaa. Sikuuliza zaidi. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe.

Bosi alipoingia alisimama mlangoni kama kagonga kioo.

"Jamani, karibuni. Kuna nini?"

"Tumekaa," akasema mwenye kofia.

"Naona mmekaa. Ila yale ya mle ndani tuliapa."

"Tuliapa tusiseme. Hatukuapa tusikae. Au umesikia mtu kasema?"

Hakusikia. Akapita, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Lakini mkeka ukishatandikwa mahali, hapa kwetu, watu hawahitaji kualikwa. Kina mama wa genge la mboga ng'ambo ya barabara wakaona mkeka, wakaona sista, wakaona sura za majonzi. Wakajifunga khanga kiunoni wakaja. Wakavua ndala, wakakaa. Mmoja akaanza kujifuta machozi kabla hajauliza ni ya nani. Mlinzi akapunguza sauti ya redio ya mapokezi, ambayo ni redio yetu wenyewe. Fundi mitambo, asiyejua lolote, akaona heri aweke muziki wa taratibu. Fundi mitambo, asiyejua lolote, akaona heri aweke muziki wa taratibu. Kufikia saa tatu, nikizidisha kidogo, kama tungechelewa ng'ombe angeshachinjwa.

Bosi akatoka, shati limelowa.

"Nani kafa hapa?"

Sista akamtazama kwa upole kabisa. "Hajafa mtu, ndugu yangu. Ndiyo maana tumewahi."

Akaniashiria ofisini. Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa, nafasi yangu chini ina nukta nukta. Akanisukumia kalamu. Niliivuta ile karatasi karibu, nikaisogeza mbali, nikaigeuza juu chini.

"Hili neno gani hapa, bosi?"

"Utendaji hafifu."

"Hilo darasa la nne hatukulifikia."

"Umesimamia habari miaka sita, hujui kusoma?"

"Leo sijui."

Akaniambia nisimfanye mtoto, anaweza kuandika barua mbili badala ya moja. Nikamwambia aandike, ila ya kwangu aniletee mtu wa kunisomea. Nilikuwa naogopa, na hapo sijatia chumvi hata punje, kwa sababu mimi nje ya redio ile sina pa kwenda zaidi ya fagio. Tukatazamana. Kisha tukasikia mapokezi pamekuwa kimya, tukatoka.

Kijana alikuwa amefika kwa zamu yake. Amesimama na begi begani, anatazama mkeka. Akatoa shikamoo kwa wote, wakaitikia marahaba wote kwa pamoja. Akauliza msiba wa nani, na hakuna aliyemjibu. Wenye kujua waliapa, na wasiojua nao walikuwa wanasubiri kuambiwa. Yule mwenye kofia akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja. Kijana akavua viatu akakaa.

Na bosi je? Huwezi kusimama juu ya rika lako waliokaa chini. Alijaribu. Alisimama akahamisha mguu huu, akahamisha ule, kina mama wa genge wanamwangalia. Mwisho akavua viatu vyake vile vya ncha, soksi moja imetoboka kidole, akakaa. Nikakaa na mimi.

Sista akamimina kahawa, akampa kijana. Kijana akaishika hakuinywa. Akasema bila kumtazama yeyote, ila nilijua anasema na mimi.

"Ulipopiga simu, mama, alikuwa bado amenishika kidole."

Mimi maneno hayajawahi kuniishia. Nimeongea nikiwa naumwa, nimeongea nikiwa nang'olewa jino. Pale nilitafuta hata moja nikakosa. Nilitaka kusema ni bosi aliyenituma, nikaona hapana, atayasikia yote mawili, mdomo wangu na uoga wangu. Nikainama. Mama mmoja wa genge, asiyemjua kijana kwa jina, akamwambia pole baba, akaisema polepole kama anaimwaga, na wenzake wakafuata mmoja mmoja. Wauza mchicha. Ofisi nzima yenye mkuu na mhariri na mwenye redio haikuwahi kuitoa, mpaka watu wa mchicha wavuke barabara.

Bosi alikuwa anachezea ile soksi. Akakohoa. "Umekunywa chai nyumbani?" akamuuliza.

Kijana akasema hapana.

Bosi akamtuma mlinzi chapati. Barua hakuichana, usije ukadhani. Aliirudisha kwenye droo, nilimwona. Kijana akapewa likizo ya mwezi mzima yenye mshahara wake, na Sista akampeleka kwa mtu mmoja wa misheni anayejua kuongea na watu walioona mabaya. Alikwenda mara nyingi. Anakwenda bado.

Mwezeshaji wa Dar alinipigia simu baadaye, amesikia sijui wapi, anaomba tumweleze huo mfumo ili autie kwenye ripoti. Nikamwambia mfumo ni mkeka. Akaniuliza mkeka ni kifupi cha maneno gani.

Kijana amerudi hewani, asubuhi, bei za mboga. Matukio kwanza hapana, na siku nitakapompeleka mtu kwenye matukio sitamtuma peke yake wala sitampigia simu, na bosi analijua hilo na halipendi. Nakaa naye studio, kiti kwa kiti. Akinyamaza nadaka mimi, nasimulia uongo wowote unaokuja mpaka apate pumzi. Wasikilizaji wanadhani ni kipindi kipya. Bosi analalamika hadithi zangu zinakula nafasi ya matangazo, nami namwambia aandike barua.

Juzi alinyamaza kidogo tu. Nikarukia, nikaanza habari za kabichi la Mlali lililoteleza kutoka kwenye lori likaziba barabara, magari yakapanga foleni, mtu akaja na msumeno, na ndiyo kwanza nafika kwenye msumeno, kijana akanigusa mkono.

"Mama, ngoja kwanza. Sijamaliza karoti."

Akaendelea kusoma. Karoti, nyanya, njegere, mpaka mwisho wa ukurasa. Nikabaki na kabichi langu mdomoni nimenuna, wala hakunigeukia.